Saa ya skrini ya msikiti na kompyuta za skuli: timesyncd, chrony, moduli yenye batri au GPS?

mkaazi_wa_wete
Assalamu alaykum wanajamvi. Nina kazi mbili za Linux zinazonisumbua kwa saa, nataka ushauri kabla sijanunua kitu. Ya kwanza ni Raspberry Pi 4 iliyofungwa nyuma ya televisheni msikitini, inaonesha nyakati za sala na dakika zilizobaki kabla ya adhana. Umeme ukikatika usiku ukarudi alfajiri, skrini inaendelea na saa ya jana usiku. Muadhini ameshaacha kuitazama, anategemea saa yake ya mkononi.

Ya pili ni chumba cha kompyuta cha skuli. Ni mashine za mezani zenye Ubuntu, na intaneti ni ya modemu: bando likiisha, tunakaa bila mtandao mpaka lipatikane jengine. Kila mashine ina saa yake. Mwanafunzi akihifadhi kazi kwenye seva leo, faili linaonekana la mwaka juzi.

Nimesoma kuhusu timesyncd, chrony na ntpd (programu za kusawazisha saa kwa mtandao), moduli ya saa na GPS. Kipi kinafaa wapi? Nataka msikitini pakae sawa kabla ya Ramadhani, maana wapo watakaofuturu kwa skrini hiyo.

fundi_darajani
Waalaykumu salaam ndugu yangu. Kabla ya programu, tazama kosa ni la kiasi gani, kwa sababu kiasi ndicho kinachokwambia ugonjwa. Andika `timedatectl` usome mistari yote: saa ya hapa, UTC (saa ya dunia), RTC (saa ya ndani ya mashine inayotembea kwa batri) na ukanda wa saa.

Ikiwa kosa ni saa 3 kamili, shida ni ukanda au RTC. Sisi ni UTC+3 mwaka mzima, hatusogezi saa. Mashine yenye Windows na Linux pamoja huugua hivi: Windows inaweka saa ya hapa kwenye RTC, Linux inaisoma kama UTC. Weka `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha `sudo timedatectl set-local-rtc 0`, na Windows nayo uiambie RTC ni ya UTC.

Ikiwa ni saa 6 kamili, mtu ameweka kwa mkono kwa hesabu yetu: ilikuwa saa 2 asubuhi, akaandika 02:00 badala ya 08:00. Hili nakutana nalo sana, na watu huhangaika na mtandao bure.

Mwaka ukirudi nyuma, batri ya CR2032 kwenye bodi imekwisha. Ipime kwa mita. Nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Tazama na kishikio chake, hewa yetu ya chumvi inakula bati lile ukapata batri mpya isiyogusa.

Ukiona inateleza sekunde moja mbili kwa siku, hiyo ni kawaida ya kristali inayoendesha saa ya mashine. Ikikosea sehemu 20 kwa milioni tu, ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Hapo ndipo programu inapoingia.

ukhty_chake
Mie naitetea timesyncd. Kwenye Ubuntu nyingi imo tayari, haili kumbukumbu, haitaki mipangilio. `sudo timedatectl set-ntp true`, basi. Ukitaka kujua inazungumza na nani, `timedatectl timesync-status`. Tena inahifadhi saa ya mwisho kwenye diski, kwa hiyo hata mashine isiyo na batri haiamki mwaka 1970. Kwa laptopu ya mwalimu yenye mtandao kila siku, sioni haja ya kitu chengine.

maalim_wa_seva
Dada, kwa laptopu ya mwalimu nakubaliana nawe. Kwa skuli hii sikubali.

Timesyncd ni mteja tu. Inauliza seva moja kwa wakati, hailinganishi majibu, na haiwezi kuzigawia saa mashine nyengine. Pale ambapo bando huisha, unataka mashine moja iwe mama na zote zimfuate, ili hata mtandao ukikosekana faili zipangike kwa tarehe. Chrony inafanya hivyo. Halafu inapima kristali yako inakosea kwa kasi gani, inaandika kwenye faili, na inaendelea kurekebisha hata ikiwa nje ya mtandao. Kwa sehemu zenye mtandao wa kubahatisha, hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Kwenye seva, ndani ya `/etc/chrony/chrony.conf`:

`pool africa.pool.ntp.org iburst`
`makestep 1.0 3`
`allow 192.168.1.0/24`
`local stratum 10`

Mstari wa mwisho ndio unaoiruhusu seva kuendelea kutoa saa wakati intaneti haipo. Kwenye mashine za wanafunzi weka `server 192.168.1.10 iburst` pekee, ukibadilisha anwani iwe ya seva yako. Ukisakinisha chrony kwenye Ubuntu, timesyncd inaondolewa yenyewe. Usijaribu kuzirudisha zote mbili, zitavutana.

Ntpd ni mzee wa kuheshimiwa, itifaki yenyewe David Mills aliiandika tangu 1985, lakini leo sikushauri uanze nayo. Ikikuta kosa linalozidi sekunde 1000 inajifunga, isipokuwa umeiwasha kwa `-g`. Red Hat waliiacha tangu toleo la 8, na Debian 12 inakupa ntpsec badala yake.

mkaazi_wa_wete
Ahsante maalim. Nimeweka kwenye seva, bando lipo, kurasa zinafunguka. Lakini `chronyc sources` inaonesha `^?` kwenye kila mstari, na Reach ni 0.

maalim_wa_seva
Reach 0 maana yake hapana jibu hata moja lililorudi. Kurasa zinapita kwa TCP, saa inapita kwa UDP poti 123, na hiyo inaonekana imezibwa njiani. Unganisha seva kwa simu yako kama hotispoti usubiri dakika chache. Ukiona `^*` na Reach inapanda kuelekea 377 (yaani majibu ya karibuni yote yanarudi), seva yako ni nzima, mlango uliofungwa ni wa modemu au wa mtoa huduma.

mkaazi_wa_wete
Kwa simu imekubali. 377.

maalim_wa_seva
Ingia kwenye mipangilio ya modemu utafute ukuta wa moto. Ikishindikana, iunganishe seva na simu mara moja kwa wiki. Chrony itayatumia iliyoyajifunza siku zinazobaki.

nahodha_mkoani
Kwa msikiti, mbona hamtaji GPS? Setilaiti hazitaki bando. Moduli ndogo ya USB, gpsd (programu ya kuisoma GPS), na chrony inasoma kutoka hapo.

fundi_darajani
Nahodha, kwenye chombo juu ya sitaha GPS haina mpinzani. Msikitini mpokeaji atakuwa chini ya mabati, hatoiona mbingu. Utapitisha waya na antena nje, kwenye mvua na chumvi. Na jihadhari na moduli kuukuu: hesabu ya wiki za GPS ilizunguka tarehe 6 Aprili 2019, na baadhi yake zikarudi nyuma karibu miaka 20.

Kwa Pi 4 dawa ni DS3231, moduli ya saa yenye batri. Pi hiyo haina RTC kabisa (Pi 5 inayo, ukiinunulia batri yake), ndiyo maana inaamka na saa ya jana, na chrony peke yake haitoiponya asubuhi isiyo na mtandao. DS3231 inajirekebisha kwa joto, ukomo wa kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Chrony ibaki juu yake, isawazishe kila mtandao unapopatikana.

ukhty_chake
Na kabla ya kuilaumu saa, tazama programu ya sala imewekewa mji gani. Mjini Unguja na Wete vinapishana kama nusu digrii ya longitudo, na digrii moja ni dakika 4 za jua. Ikiwa imewekewa Unguja, unachelewa kama dakika 2 hata saa ikiwa sahihi.

mkaazi_wa_wete
Nimetazama sasa hivi. Imeandikwa Dar es Salaam! Nabadilisha. DS3231 naiagiza kwa anayekuja na boti. Inafungwaje?

fundi_darajani
Waya nne: 3.3V, GND, SDA, SCL. Usiipe 5V. Moduli nyingi za bei rahisi zina saketi ya kuchaji, na CR2032 haichajiwi. Washa I2C (njia ambayo moduli inazungumza na Pi) kwa `raspi-config`, kisha `sudo i2cdetect -y 1`. Ukiiona 68, ipo. Ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `/boot/firmware/config.txt`, ondoa `fake-hwclock` (inayoirudishia Pi saa ya mwisho iliyohifadhiwa), zima uwashe. Ukiwa na mtandao na saa imeshakaa sawa, andika `sudo hwclock -w`. Baada ya hapo chomoa umeme na mtandao, uache kidogo, washa, usome `sudo hwclock -r` ukilinganisha na simu. Fanya jaribio hilo kabla hujairudisha ukutani.