Naomba ushauri: kuchora mawe na miti mikongwe kwa kalamu ya wino

KaziYaWino (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, na kitu ninachopenda kuchora kuliko vyote ni mawe ya huku kwetu: yale ya ziwani upande wa Jiwe la Bismarck, na yale yaliyobebana kule Capri Point. Nachora pia ile mikuyu inayoota juu ya mawe, mizizi inashuka ubavuni mwa jiwe mpaka ipate udongo.

Kwa penseli mchoro unakaa sawa. Nikishapitisha wino, jiwe linakuwa bapa, na mti unazama ndani yake kwa sababu vyote viwili vina mistari ya aina moja. Natumia kalamu namba 0.3 na karatasi ya manila. Naomba wenye uzoefu mnieleze: jiwe la mviringo linajengwaje kwa wino bila kulijaza mistari? Na gome la mti mkongwe mnalifanyaje?

Nukta_na_Mstari
Karibu mkuu. Kabla ya kalamu, lijue jiwe lenyewe. Hayo ni matale, yaani graniti. Mwamba ulipasuka kwa nyufa za wima na za ulalo, maji yakapenya humo, pembe zikaliwa kabla ya nyuso kwa kuwa zinashambuliwa kutoka pande kadhaa kwa mpigo. Ndiyo maana yanabaki mawe ya mviringo yaliyokaa juu ya mengine. Kwa hiyo hata jiwe lililo duara kabisa bado lina uso wa juu, ubavu, na tumbo la chini. Zitafute hizo sehemu tatu. Uso wa juu acha karatasi nyeupe, usiuguse. Ubavu weka mistari ya mwelekeo mmoja. Tumbo ndilo la kukatizia mistari ya pili na ya tatu juu yake.

Na saa ya kuchora ina uzito wake. Mchana huku jua linakaa utosini, vivuli vinajibana chini ya jiwe na ubavu wote unaonekana sare. Nenda saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa unatoka upande mmoja.

BintiSeme
Salamu kutoka Kisumu. Mimi huchora Kit Mikayi, mawe ya huko yamepangana kwenda juu, so nyufa ni nyingi sana. Nimekuja kwa hilo la nyufa tu. Watu wengi huchora ufa kama uzi mweusi wa unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Angalia ufa kwa karibu: una midomo miwili. Mdomo mmoja umepigwa na mwanga, mwingine uko gizani. Chora ule wa gizani peke yake, ukandamize kalamu pale ufa umepanuka, kisha uinue kabisa pale umejibana, mstari ukatike, uendelee mbele kidogo. Mdomo wa mwanga uache mweupe. Hapo jiwe linapata unene papo hapo.

Pia ile michirizi myeusi ambayo maji ya mvua huacha ikishuka kwenye mawe, usiichanganye na kivuli. Ichore mwishoni kabisa, michache, ikifuata njia ambayo maji yangepita.

Mzee wa Mibuyu
Vijana, mimi ni wa miti, niko Dodoma. Mjukuu wangu mleta uzi, gome halichorwi lote. Chagua sehemu moja, mahali mwanga unapokutana na kivuli, hapo ndipo gome lionekane wazi. Upande wenye jua weka alama mbili tatu tu. Upande wa giza acha mistari ishikane.

Halafu kila mti una gome lake. Mkwaju umechanika vipande vidogo vidogo vyeusi, unataka mistari mifupi iliyokatikakatika. Mbuyu gome lake ni la kijivu, karibu laini, lina mikunjo mikubwa kama ngozi ya tembo pale matawi yanapoanzia, kwa hiyo unataka mistari michache mirefu inayozunguka shina. Tazama na makovu: pale watu walipobandua gome kwa ajili ya kamba, na kwa mibuyu ya huko Ziwa Eyasi, vigingi ambavyo Wahadzabe hupigilia wakipanda kufuata asali. Mti huo umeishi na watu, na makovu yake yanastahili kuchorwa kwa heshima.

Kiangazi ndiyo wakati wako. Mbuyu ukiwa hauna jani unaona mifupa yote. Tawi likunje na likatike kwa pembe, na lipungue unene pale tu linapogawanyika.

Nukta_na_Mstari
Shikamoo mzee. Naongeza moja: kwa matale mimi hutumia nukta, maana jiwe lenyewe lina chembechembe.

Mzee wa Mibuyu
Marahaba. Hapo hatukubaliani. Nukta ukizianza mapema jiwe linakuwa jepesi, halina uzito wa kukaa chini. Jenga kwa mistari kwanza, nukta ziwe za kulainisha ukingo wa kivuli.

TeteKavu
Mleta uzi, una dawa ya kutenganisha mti na jiwe hapo hapo ziwani: matete. Chukua tete lililokauka vizuri, likate mshazari kwa kisu kikali, chonga ncha, pasua katikati kidogo ili wino ushuke. Ni kalamu ya zamani hata kwa waandishi wa hati za Kiarabu huku pwani. Wino ukiwa mwingi inatoa mstari mnene. Ukikaribia kuisha inakwaruza mstari mkavu uliopasuka, na huo ndio gome lenyewe. Mti uchore kwa tete, jiwe kwa 0.1 na 0.3. Havitachanganyika tena.

Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi, alichora miamba na miti ya Montmajour, karibu na Arles kusini mwa Ufaransa, kwa kalamu ya tete mwezi wa saba 1888. Tafuta picha zake mtandaoni uangalie alivyobadilisha alama: majani mafupi yaliyosimama, nukta za mbali, mistari minene ya mwamba wa mbele. Ila wino aliotumia kwenye michoro yake mingi umefifia ukawa kahawia, kwa hiyo wewe nunua wino mweusi wa rangi ya kaboni usioyeyuka kwa maji.

Manila nyingi zinakunywa wino, mstari unatanuka. Tafuta karatasi laini ya gramu 200 au zaidi.

KaziYaWino
Asanteni sana wakuu, na shikamoo mzee wangu wa Dodoma. Swali la mwisho: mzizi mweupe ukipita juu ya jiwe jeupe, wote kwenye jua, naufanyaje?

BintiSeme
Usichore mzizi. Chora kivuli chembamba ambacho mzizi unaangusha kwenye jiwe, upande mmoja tu, halafu tia giza ule ufa ambamo mzizi unaingia. Mzizi utajitokeza wenyewe kwa karatasi uliyoiacha. Ukimaliza tuwekee picha hapa tuone.