Greihaundi wako alichechemea kwa sababu gani? Tupeane uzoefu

Mama Mshale: Wadau, habari za leo. Dume langu la greihaundi (wale mbwa wembamba wa mashindano ya mbio), miaka saba, mstaafu wa mbio, anachechemea mguu wa mbele wa kulia, wiki ya tatu sasa. Ajabu ni kwamba kwenye lami anaguchia kama mzee aliyesahau mkongojo nyumbani, tukiingia kwenye majani anatembea kama hana neno. Kati ya vidole nimepekua, hakuna mwiba wala kidonda. Daktari kamkunja kila kiungo, mbwa akawa anamtazama tu. Waliopitia haya, karibuni.

Mkia Mrefu: Wangu aliguchia siku nne, kumbe ukucha umepasuka kwa urefu mpaka kwenye nyama. Ukiutazama kwa juu, mzima kabisa. Ukang'olewa, akapona.

Kijiweni: Lami anachechemea, majani hachechemei? Sugu hiyo. Mjadala ufungwe.

Baba Umeme: Mjadala si wako, mkuu, uufunge wewe ni nani? Wa kwangu alikuwa mstaafu pia, mguu wa nyuma wa kulia. Hawa hukimbia wakikata kona kushoto maisha yao yote, basi kifundo cha nyuma cha kulia ndicho kinachoumia. Kale kamfupa ka katikati ya kifundo kalikuwa kamevunjika zamani kakajiunga vibaya. Baridi ikizidi, anachechemea.

Kijiweni: Kasema mguu wa MBELE.

Baba Umeme: Najua kusoma. Nimeambiwa nitoe uzoefu, nimetoa.

Wa Pande Zote: Kijiweni yuko sahihi ila kaacha nusu. Mama Mshale, osha ule mguu, kisha uache unyayo ukiwa na maji maji. Sugu kavu haionekani vizuri, ikilowa inajitokeza: kiduara cheupe kama punje ya dengu iliyozama kwenye ngozi ya chini ya kidole. Angalia vidole viwili vya katikati kwanza, ndivyo vinavyobeba mzigo. Halafu usibonyeze kwa juu tu. Ibane kutoka pembeni kwa vidole viwili. Wangu alinivumilia kubonyezwa kila mahali, lakini nilipoibana pembeni alinyofoa mguu na kupiga ule ukelele wao, majirani wakadhani namchinja. Kwenye majani ardhi inabonyea, sugu haisukumwi ndani. Kwenye lami ni kama kutembea na kokoto ndani ya kiatu. Ndiyo maana daktari akikunja viungo haoni kitu. Viungo havina kosa.

Mkia Mrefu: Huo ukelele! Wangu aliupiga kwa sababu jani limemgusa mkia.

Dada wa Kamba: Sugu ikichongwa inarudi baada ya wiki chache, msijidanganye. Sisi tulichonga miezi kumi na nne. Kilichotusaidia ni kiatu laini cha kutokea nje.

Kimya Kimya: Kata kidole. Mara moja, basi.

Dada wa Kamba: Ukikata, uzito unahamia kidole cha jirani, na sugu inaanza huko. Siku hizi wapo madaktari wanaokata kano ndogo inayokunja kidole, kidole kinalala na presha inapungua. Uliza hilo kabla ya kukimbilia kisu.

Wa Usiku: Nilikuwa nasoma bila kuchangia, ila hilo neno "wiki ya tatu" limenikamata. Jike langu lilikuwa na miaka minane. Akaanza kuchechemea mguu wa mbele, kidogo tu, asubuhi. Nikaambiwa msuli umevutika, apumzike, tukapewa dawa ya maumivu. Akapata nafuu. Hiyo nafuu ndiyo iliyotuponza, maana tuliacha kuangalia. Wiki mbili baadaye ikarudi. Usiku mmoja nikawa nampapasa, mkono wangu ukafika juu kidogo ya kifundo, nikakuta pamevimba. Si uvimbe wa maji. Pagumu kama jiwe, pana joto, na yeye akageuza kichwa polepole akaweka pua juu ya mkono wangu. Hakulia. Mbwa anayepiga ukelele kwa kukanyagwa ukucha, pale hakulia.

Tulipanga eksirei ya Jumatatu. Jumapili alishuka kwenye kochi alilokuwa akishuka kila siku, nikasikia mlio kama kijiti kikavu. Mfupa ulikuwa umeliwa kwa ndani. Picha ilipotoka, palipotakiwa kuwa peupe palikuwa kama nguo iliyoliwa na nondo. Saratani ya mfupa. Wakapiga picha ya kifua kwanza kuona kama imefika kwenye mapafu, haikuonekana, mguu ukakatwa. Siku ya tatu alikuwa anatembea kwa mitatu, mimi ndiye niliyekuwa siwezi kusimama. Tukafuatisha dawa za saratani. Tulipata miezi kumi na moja. Greihaundi ni miongoni mwa mbwa wanaopata sana ugonjwa huu, hili nililijua baadaye. Piga picha. Ikionekana hakuna kitu, furahi.

Mkia Mrefu: Pole sana. Nimemwita wangu hapa nimpapase.

Dada wa Kamba: Pole, ndugu yangu.

Kijiweni: Pole. Ila tusimtie mama wa watu presha, dalili zake ni za sugu.

Wa Usiku: Simtii presha. Hata mimi niliambiwa dalili ni za msuli.

Mzee wa Mapumziko: Mimi ushauri wangu mfupi: apumzike wiki mbili, kamba fupi, hakuna ngazi.

Kimya Kimya: Nami nasema atembezwe, misuli isinyauke. Na umpe ile ibuprofen yako nusu.

Wa Pande Zote: USIMPE. Ibuprofen inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Futa ulichoandika.

Kimya Kimya: Wangu aliandikiwa paracetamol na daktari, mbona hakufa?

Wa Pande Zote: Aliyeandika alimpima uzito na kuhesabu dozi. Wewe unahesabu kwa jicho. Na paracetamol si ibuprofen.

Baba Umeme: Ngoja niwachekeshe kidogo. Umeme alipopona kile kifundo, aliendelea kuchechemea kila akiniona na bakuli la chakula. Siku moja akasahau, akachechemea mguu wa kushoto.

Mama Mshale: Nimerudi. Nimemwosha mguu kwenye beseni, nikawasha tochi ya simu. Kidole cha tatu, kiduara cheupe, nimekibana pembeni na majirani nao wamejua. Lakini nimempapasa mpaka begani pia, na eksirei nimeiwekea miadi Alhamisi. Wa Usiku, asante. Sijalala.

Kijiweni: Nilisema mimi tangu mwanzo.

Baba Umeme: Ulisema maneno manane ukataka kufunga mjadala.

Mgeni Mpya: Samahani, nimechelewa kuingia. Wangu ni mguu wa nyuma, na kucha zinadondoka moja baada ya nyingine, miguu yote minne. Hiyo nayo ni sugu?

Wa Pande Zote: Hapana. Kucha kudondoka miguu yote ni habari nyingine, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia kucha zenyewe. Mpeleke kwa daktari, na upige picha ya kucha kabla hazijaisha.