Kanisa Kuu la Mkunazini: vijana watazame nini ndani?

MamaKwaya_Tanga
Bwana asifiwe wapendwa. Naleta vijana wa kwaya yetu Unguja, na tutapita Kanisa la Kristo, Mkunazini. Wenzetu waliotangulia waliishia vyumba vya chini na zile sanamu za watumwa zenye minyororo. Kanisani walipiga picha tu wakatoka. Mimi nataka wakae ndani. Kuna nini hasa cha kutazama? Na habari ya nguzo zilizopinduliwa ni kweli?

MzeeWaMkunazini
Karibuni sana mama. Nimeimba humo tangu utotoni, kwa hiyo nasema ninayoyaona kila Jumapili.

Waketishe kwanza, watazame juu. Katikati hakuna nguzo hata moja inayobeba paa. Limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, toka ukuta huu hadi ule, nalo ni zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa. Askofu Edward Steere alishikilia lijengwe hivyo, na wengi walisema litaanguka. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule Sultan Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Kanisa limesimama pale pale sokoni, na kati ya waliolijenga wamo waliokombolewa utumwani. Hili nawaomba mlitamke kwa sauti, maana wageni hutajiwa maaskofu tu.

Nguzo ni kweli kabisa. Ziko upande wa magharibi, karibu na birika la ubatizo. Nakshi zilizotakiwa kukaa juu utazikuta chini, sakafuni. Mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Huwa naumia mtu anapozicheka. Fundi aliyejenga kwa mawe ya pwani maisha yake yote angejuaje upande wa nguzo ya aina ile? Na zimesimama hadi leo.

Kisha msalaba wa mbao. Umechongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake 1873. Wafuasi wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, waliubeba mwili hadi Bagamoyo, ukasafirishwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey mwaka 1874. Vijana wakisahau yote, hayo majina mawili wasiyasahau.

FundiChokaa
Naongezea kidogo. Nje waonyeshe ukuta: jiwe la matumbawe lina vitundu na linavuta maji. Chokaa huliacha lipumue. Ukilipiga plasta ya saruji tupu, unyevu hunaswa ndani, chumvi inatoka na uso wa ukuta unabanduka. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeumia hivyo. Mkiona sehemu inamwaga unga, msiikwangue kwa vidole tafadhali.

MamaKwaya_Tanga
Shikamoo mzee, na asante fundi. Je, lile duara la sakafuni mbele ya altare? Kijana mmoja aliliona kwenye picha.

MzeeWaMkunazini
Marahaba mwanangu. Ni marumaru nyeupe iliyozungushiwa nyekundu. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakichapwa, na wekundu ni damu yao. Pitieni pembeni, msilikanyage. Steere mwenyewe, aliyefariki 1882, amelazwa nyuma ya altare. Ni huyo huyo aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, basi vijana wanaosoma masomo Jumapili wana deni kwake.

Mkitoka tazameni mnara. Saa yake ilikuwa zawadi ya Sultan Barghash, Muislamu kulizawadia kanisa saa.

Ombeni ruhusa ofisini mwimbe wimbo mmoja. Chagueni wa taratibu, maana paa lile linarudisha sauti na wimbo wa haraka unajikanyaga. Sauti ya tatu na ya nne, yaani wavulana, wasimame nyuma, la sivyo watawafunika wasichana.