Ushauri: picha za kipepeo wa mndimu, tangu yai mpaka anapotoka kwenye pupa (ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo)

Mndimu_wa_Nyuma:
Wakuu, habari za jioni. Nataka kukamilisha mfululizo wa picha za yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, asiye na mikia, anayetaga kwenye mindimu na michungwa (Papilio demodocus). Niko Tanga, viwavi si tatizo.

Vifaa: Canon DSLR ya APS-C (sensa ndogo) yenye megapikseli 24, lenzi ya 18-55, lenzi ya 50mm f/1.8, pete za kurefushia lenzi za milimita 13, 21 na 31, flashi moja ya kuweka juu ambayo haina TTL (haijipimii mwanga yenyewe), na stendi ya miguu mitatu iliyo nyepesi kidogo.

Nakwama hapa: yai linatoka kama kidoa katikati ya picha hata nikifunga pete zote tatu kwenye 50mm. Nikifunga tundu la lenzi hadi f/22 ili kila kitu kiwe kwenye fokasi, picha nzima inakuwa kama ina ukungu. Flashi inaacha doa jeupe mgongoni mwa kiwavi na nyuma kunakuwa giza totoro. Viwavi ninaowafuga kwenye kopo la plastiki wanakufa, na mayai mengine yanageuka meusi yasianguliwe. Na kipepeo akitoka, namkuta keshatoka. Nipeni njia, wakuu.

---

FundiLenzi:
Karibu mkuu. Anza na hesabu, hapo ndipo wengi wanapopotea.

Ukuzaji wa pete ni urefu wa pete ugawanywe kwa urefu wa lenzi. Wewe una 13+21+31 = 65, gawanya kwa 50, unapata 1.3. Lenzi yenyewe inaongeza kama 0.2, jumla mara 1.5. Yai lina upana wa milimita 1 na kitu, kwa hiyo kwenye sensa linachukua kama milimita 1.8. Sensa yako ina upana wa milimita 22.3. Kidoa chako kinatoka hapo, kamera haina kosa.

Kwa yai unahitaji mara 3 na kwenda juu, na lenzi ya kukufikisha huko unayo: geuza 18-55 nyuma mbele. Nunua pete ya kugeuzia ya Canon yenye uzi wa milimita 58 (soma namba kwenye mdomo wa lenzi yako kwanza, yenye alama ya Ø). Ikiwa imegeuzwa, 18mm inakupa ukuzaji unaopita mara 3, na 55mm inakurudisha karibu na mara 1. Usiamini namba ya mtu, hata yangu: piga picha ya rula. Ukiona milimita 6 zimejaza upana wa picha, 22.3 gawanya kwa 6, uko mara 3.7.

Lenzi ikigeuzwa haiongei na kamera, na tundu linabaki wazi kabisa. Kwa Canon, fanya hivi kabla ya kugeuza: funga lenzi kawaida, weka f/5.6, bonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi (unene wa sehemu inayotoka wazi bila ukungu) na usikiachie, kisha fungua lenzi huku umekishikilia. Tundu linabaki palepale. Kama kamera yako haina kitufe hicho, tazama kwenye menyu kama kazi hiyo inaweza kuwekwa kwenye kitufe cha SET.

Kwenye 18mm yai litakuwa kama sentimita 5 tu kutoka kwenye lenzi. Na ule upande wa nyuma wa lenzi sasa ndio unaotazama vumbi na majani. Chukua kifuniko cha nyuma cha lenzi, kitoboe katikati, kifunge pale. Kinalinda kioo na kinazuia mwanga wa pembeni.

---

Jicho_la_Nzi:
Naongezea kwenye f/22, maana hili linachosha watu bure.

Namba unayoiona kwenye kamera si namba halisi unapokuwa karibu hivyo. Zidisha kwa ukuzaji ukiongezewa 1. Uko mara 1.5, umeweka f/22: 22 × 2.5 = f/55. Mwanga unaopenya kwenye tundu dogo kiasi hicho unasambaa, na hakuna programu itakayourudisha. Kwa picha moja ya mkupuo baki f/8, sana sana f/11 kwa kiwavi mkubwa. Kwa yai tumia f/5.6 na urundike picha, yaani upige nyingi zenye fokasi tofauti, kisha programu iziunganishe kuwa moja.

Kina cha fokasi kwenye mara 3.5 na f/5.6 ni takriban milimita 0.08. Kwa hiyo kila hatua isogee milimita 0.06 ili picha zilaliane. Nusu ya yai inayokutazama ina kina cha kama milimita 0.6, ni hatua 10. Piga 16, uanze kabla ya kilele cha yai na umalizie kwenye jani.

Reli za bei nafuu za kusogezea kamera kidogo kidogo zina mchezo kwenye gia: unageuza kitasa, kamera haijaenda, halafu inaruka. Sogeza kwa upande mmoja tu, usirudi nyuma katikati ya kazi.

Programu: Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia, Picolay ni ya bure. Ukitumia Zerene, ina njia mbili za kuunganisha: kiwavi mchanga mwenye miiba mpeleke kwa PMax, yai na pupa peleka kwa DMap. PMax inashika nywele zinazopishana vizuri lakini inaongeza chenga kwenye sehemu laini.

---

Mwanga_Laini:
Doa jeupe ni sura ya flashi yako. Kiwavi wa hatua ya mwisho ana ngozi inayong'aa, ni kioo kile. Dawa ni kufanya chanzo cha mwanga kiwe kikubwa na kiwe karibu.

Tafuta lile povu jembamba jeupe linalofungiwa sahani na televisheni mpya. Kata kipande cha ukubwa wa nusu karatasi ya A4, kikunje kama paa juu ya mdudu, flashi ipige kupitia hapo. Kipande kingine kiwe karibu na kichwa cha flashi, tabaka mbili zilizoachana sentimita 8 hivi. Tabaka mbili zilizogusana hazisaidii kitu zaidi ya kula mwanga.

Mipangilio: M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 200, shata 1/160, flashi kwa mkono kwenye 1/16. Ikizidi, shuka 1/32. Nguvu ndogo ina faida ya pili: mwali wa flashi unakuwa mfupi sana, unagandisha jani linalotikisika.

Giza la nyuma: mwanga wa flashi unakufa haraka. Weka jani bichi sentimita 6 nyuma ya mdudu nalo lipate mwanga uleule, nyuma kutakuwa kijani.

---

BiMsitu:
Mwanangu, hao viwavi wanakufa kwa unyevu. Kopo la plastiki lenye kifuniko, majani mabichi na kinyesi ndani: siku mbili tu ukungu umeota. Achana nalo.

Kata tawi la mndimu lenye majani machanga, litie kwenye chupa ndogo ya maji, mdomo wa chupa uuzibe kwa pamba. Bila pamba watateremka na kuzama. Funika kwa neti ya mbu. Kinyesi ondoa kila siku, tawi badilisha linapoanza kunyauka. Tawi lisitoke kwenye mti uliopigwa dawa, kuosha hakutoshi.

Mayai meusi yako ya aina mbili. Yai lenye afya hutagwa manjano hafifu, na likikaribia kuanguliwa unaona kichwa cheusi cha kiwavi ndani, si yai zima kuwa jeusi. Likiwa jeusi lote sawasawa na likakaa hivyo siku kadhaa, limeshaingiliwa na kinyigu kidogo sana kinachotaga ndani ya mayai ya wadudu wengine. Usilitupe, piga picha. Vitatoka vinyigu, na hiyo ni picha adimu kuliko ya kiwavi.

Muda, kwa joto la pwani: yai siku 4 hadi 6, kiwavi wiki 2 hadi 3 hivi, pupa wiki 2 hadi 3. Hatua nne za mwanzo kiwavi anafanana na kinyesi cha ndege, ya tano anakuwa kijani na kufika sentimita 4 na nusu. Ukimkuta ametulia tuli siku nzima, shingo imevimba, anajiandaa kujivua. Usimbandue. Amejifunga kwa hariri kwenye jani. Ukikata ile hariri, gamba la zamani halitoki na anafia ndani.

Ukitaka picha ya zile pembe laini zenye harufu anazotoa nyuma ya kichwa, mguse taratibu kwa unyoya mara moja. Weka fokasi kabla, maana anazirudisha ndani baada ya sekunde chache. Usimrudie rudie.

---

Kobe77:
Kipepeo anayerukaruka mweke kwenye friji dakika kumi, atatulia. Rahisi.

---

BiMsitu:
Kobe, hapana. Akitoka kwenye baridi anapata umande mwilini, na kwenye picha za karibu namna hii kila tone linaonekana. Miguu imekunjika, antena zimelala. Mtu anayewajua wadudu anaona mara moja. Tena hana haja: kipepeo aliyetoka sasa hivi ananing'inia saa nzima au zaidi bila kuruka. Hakuna kikao kizuri kuliko hicho.

---

Mpwani_Malindi:
Kuhusu kumkosa akitoka. Ukiona rangi za mabawa, yale madoa ya manjano, zimejitokeza kupitia ganda la pupa, jua siku imefika. Zikionekana jioni, asubuhi yake uwe na kamera tayari toka saa 12 alfajiri.

Kosa la pili ni kukaza fremu. Pupa ana sentimita 4 hivi, ila kipepeo ana mabawa yanayozidi sentimita 10 yakikunjuka, na akishatoka anapanda juu kutafuta pa kuning'inia. Toa pete zote, tumia 55mm, kamera wima, acha nafasi juu na chini. Kijiti chenye pupa kisimame wima na kisiwe laini, apate pa kushika kucha vizuri. Akianguka wakati mabawa bado mabichi, yanakauka yakiwa yamepinda.

Kutoka kwenyewe ni dakika moja au mbili, hapo rekodi video kwa taa ya LED isiyotoa joto. Kukunjuka mabawa ni kama dakika 20: picha moja kila sekunde 5 inakupa 240, yaani sekunde 10 za video ya fremu 24. Betri ijae. Matone atakayodondosha ni uchafu wa kipindi cha pupa.

Na pupa akishajivua tu, akiwa bado laini, neti isifunguliwe. Kuna kinyigu kinachosubiri saa hizo hasa. Baadaye utaona vitundu vidogo kwenye ganda badala ya kipepeo.

Ukitaka kuona kazi hii kwa wingi, huku kwetu kuna mradi wa Kipepeo pale Gede, tangu 1993. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga na kuuza pupa wanaosafirishwa nje. Kwako wewe karibu zaidi ni Amani, kule Usambara Mashariki.

---

Mndimu_wa_Nyuma:
Shukrani wakuu, shikamoo BiMsitu. Swali moja: reli ya kusogea milimita 0.06 naipata wapi kwa bei ya kawaida?

---

FundiLenzi:
Usinunue. Acha kamera itulie, sogeza mdudu. Boliti ya M6 ya kawaida ina hatua ya milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Chukua vipande viwili vya mbao vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, nati uigandishe kwenye kile kisichosogea, ncha ya boliti isukume kile chenye yai, na raba ikivute kirudi dhidi ya boliti ili mchezo usiwepo. Kwenye kichwa cha boliti gundisha duara la kadibodi lililogawanywa sehemu 16. Sehemu moja ni milimita 0.0625.

Jani libane kwa kibanio cha nguo, zima feni, tumia kipima muda cha sekunde 2, na kila ukigeuza subiri kidogo mtetemo uishe. Taa ya kuwekea fokasi iwe ya LED, na tumia kioo cha nyuma cha kamera ukikuza mara 10. Kwenye f/5.6 na lenzi iliyogeuzwa, tundu la kuchungulia halikuonyeshi kitu.