Kati ya santuri hizi tatu, nichukue mbili zipi?

Omuga_Dunga: Wadau, binamu yangu anatoka Berlin Alhamisi na mkoba wake una nafasi ya santuri mbili tu. Nimekwama: Mr. Fingers "Around the Sun Pt. 1" (2022), Surgeon "Crash Recoil" (2023), ama "Disconnect" (2024) ya KMRU na Kevin Richard Martin. Jibuni haraka.

Sindano_Nakuru: Za kupigia watu ama za kusikiliza ukiwa umelala? Mashine gani? Spika gani? Hujasema chochote hapo.

NyarKano: Mr. Fingers, hata usiulize. Larry Heard, ndiye huyo Mr. Fingers, alikuwa mpiga ngoma kabla ya kushika kinanda, ndiyo maana midundo yake haikukimbizi. "Can You Feel It" ni ya 1986 na bado inainua watu. Ya pili jichagulie mwenyewe.

BesiKondele: Surgeon! Hiyo ndiyo tekno. Ile albamu imetokana na mashine anazopigia jukwaani, unasikia kabisa mtu anazungusha vitufe. Tena imetoka lebo ya Tresor, ya watu waliofungua klabu Berlin 1991. Dipu hausi ya huyo Mr. Fingers ni muziki wa kungojea samaki hotelini.

NyarKano: @BesiKondele hoteli gani hiyo Kisumu? Mimi napigiwa rhumba tu.

Mgeni_Kakamega: KMRU ni kijana wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji wa Kikuyu. Tuunge mkono vya kwetu. Ila usitarajie kucheza, ni mvumo mzito unaokuja polepole na besi inatambaa huko chini.

BesiKondele: Kama ni vya kwetu, mbona hakuna aliyetaja "Nyanza" ya Owiny Sigoma Band, 2015? Vijana wa London na Joseph Nyamungu kwenye nyatiti, kile kinubi cha Waluo.

NyarKano: Nyatiti haina haja na sinthesaiza. Nyuzi nane, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubao. Hiyo pete ndiyo kiki, yaani ngoma ya chini. Wazee walikuwa na tekno kabla ya umeme.

BesiKondele: Hapo sasa umezidisha.

Omuga_Dunga: Samahani, nilikuwa kazini. Ni ya sebuleni. Mashine ni ile ya sanduku, spika ziko ndani.

Sindano_Nakuru: Hilo ndilo ungeanza nalo. Nilikuwa na sanduku kama hilo hapa Section 58. Mkono wake wa sindano hukandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, na katriji nzuri, kile kichwa chenye sindano, hutaka kama 2, tena huwezi kurekebisha. Nikaweka tekno: besi ikapiga, sanduku likatetemeka, sindano ikaruka. Aliyeniuzia akasema niweke sarafu ya shilingi ishirini juu ya mkono. Ikatulia kweli, ikaanza kuchimba. Wiki chache baadaye upande wa kwanza ulikuwa unakoroma kila panapoingia hi-hati, yale matoazi. Nikaagiza santuri nyingine Nairobi, ikatumwa na basi, mtu akaiweka karibu na injini, ikafika imejikunja kama chapati. Karani wa mizigo ananiambia imefika salama, tia sahihi! Kwa hiyo besi ya Martin kwenye sanduku sahau. Pesa hiyo nunua mashine.

Mgeni_Kakamega: Ama achukue faili Bandcamp, lile duka la muziki mtandaoni, abaki na chenji.

NyarKano: Faili utamwonyesha mgeni wapi, kwenye simu? Jalada ni nusu ya raha.

Sindano_Nakuru: Jalada halina sauti, dada.

NyarKano: Na sanduku lako lilikuwa nayo?

Omuga_Dunga: Nimeongea na binamu. Yuko dukani, anasema hapo kuna "Nyanza" ya mtumba, bei nafuu. Sasa ziko nne.

BesiKondele: Kama bado yuko dukani, aniulizie mikanda ya mashine. Yangu imelegea, kila mwimbaji anasikika mlevi.