Tupeane uzoefu: pasi ya studio nyingi za yoga, inamlipa nani na inatumiwaje

Mtaratibu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Swali la pasi ya studio nyingi (unailipa kampuni moja kwa mwezi, unaingia studio mbalimbali) linarudi kila mara, na kila mara jibu ni "inategemea". Safari hii tuseme inategemea nini. Anayeijua mada ashushe nondo: hesabu, kuweka nafasi, kufuta, namna ya kuipima studio ukiwa ndani. Simulizi za "mimi nilianza hivi" tuziache, tuweke mambo ambayo mtu atayatumia kesho.

Nianze na hesabu. Chukua bei ya pasi ya mwezi, igawe kwa bei ya kulipia darasa moja mlangoni. Ikitoka 4, maana yake madarasa manne yanarudisha hela yako na la tano ndilo linaanza kuwa faida. Ukiingia mara 8 umelipa nusu bei kwa kila darasa. Ukiingia mara 3, kulipa mlangoni kungekuwa nafuu. Idadi ya kuweka kwenye hesabu ni ile ya madarasa uliyohudhuria kweli mwezi uliopita, hata kama ni mawili. Idadi unayotamani kuhudhuria ndiyo inayowaumiza watu.

Kama pasi ni ya pointi, yaani kila darasa linakata pointi kadhaa, hesabu inabadilika kwa saa. Tuseme una pointi 40, darasa la mchana ni pointi 4 na la jioni ni 9. Mchana unapata madarasa 10. Jioni unapata 4 na zinabaki pointi 4 ambazo hazitoshi jioni nyingine. Mtu anayetoka kazini saa 11 jioni na mtu mwenye mchana huru wananunua pasi ileile, lakini wanapata vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua ratiba, chagua saa ambazo wewe kweli unaweza kwenda, jumlisha pointi za wiki moja, zidisha kwa 4.

PumziNdefu

Umeanza vizuri mkuu. Niongeze kwa nini mambo yako hivyo, maana ukilijua hilo huhangaiki.

Kampuni ya pasi inailipa studio kwa kila mtu anayeingia, na kwa kawaida inailipa chini ya bei ya mlangoni. Studio inakubali kwa sababu mkeka uliobaki mtupu hauingizi chochote. Basi inatoa nafasi ambazo inadhani zingebaki wazi, na zile za jioni kwa mwalimu anayependwa inazifungia wanachama wake. Ndiyo maana unaona darasa limejaa kwenye programu ya pasi huku kwenye tovuti ya studio yenyewe bado kuna nafasi. Hakuna hitilafu hapo.

Hata historia ya hizi pasi inaonyesha jambo hilo. ClassPass, kampuni ya pasi, ilianza kwa jina hilo Marekani mwaka 2013, ikawa na mpango wa kuingia bila kikomo, ikaufuta mwaka 2016, kisha mwaka 2018 ikahamia kwenye pointi. Anayekwenda kila siku alikuwa anagharimu kuliko anacholipa. Ukiwa mtu wa siku 5 kwa wiki, pasi haikutengenezwa kwa ajili yako. Uanachama wa studio moja utakutoka nafuu. Pasi inamfaa wa mara 1 hadi 3 kwa wiki, na anayetafuta studio ya kukaa.

Kuna aina nyingine ambayo watu wanaisahau: kadi inayokuruhusu kuingia kila studio mara moja tu katika muda fulani. Hiyo haina pointi wala ratiba ya malipo. Kwa kuonja studio ni nzuri sana, kwa kufanya mazoezi ya kudumu haifai.

Mkeka wa Bluu

Naomba nikae kwenye saa, kwa sababu hela nyingi zinapotelea huko.

Programu nyingi zinaandika saa kwa mtindo wa 00 hadi 24. Sisi tunasoma tofauti. 7:00 ni saa 1 asubuhi, 18:30 ni saa 12 na nusu jioni. Toa 6 kwenye namba uliyoiona na utapata saa yetu; ikitoka 13 au zaidi toa 12 tena, ikitoka 0 ni saa 12. Mtu akiona 7:00 haraka haraka akapanga kwenda saa 7 mchana, amekosa darasa, pointi zimekwenda, na faini ya kutotokea iko pale pale.

Halafu muda wa mwisho wa kufuta nafasi bila faini. Wengi wanaweka muda wa saa 12 kabla ya darasa, lakini soma wa pasi yako. Kwa utaratibu huo, darasa la saa 12 na nusu asubuhi unatakiwa kulifuta kabla ya saa 12 na nusu jioni ya siku iliyotangulia. Darasa la jioni, unaamua asubuhi kabla hujatoka nyumbani. Tega kengele ya simu saa 13 kabla ya darasa, papo hapo unapoweka nafasi, na uiandike jina la studio. Saa moja hiyo ya ziada ndiyo nafasi yako ya kufikiri.

Orodha ya kusubiri nayo ina mtego. Nafasi ikipatikana unaingizwa moja kwa moja, wakati mwingine muda wa kufuta bure umekaribia kuisha au umeshapita. Usipoiona taarifa, unahesabiwa umekosa. Kama hujapata nafasi hadi muda wa kufuta unakaribia na huna uhakika wa kwenda, jitoe kwenye orodha.

Na mlango. Studio nyingi zinafunga darasa likianza, haziruhusu mtu kuingia watu wakiwa wamelala wanavuta pumzi. Ukichelewa dakika 5 umekosa kama asiyekuja kabisa. Ukienda studio mpya fika dakika 15 kabla: kuna fomu ya kusaini, viatu vya kuvua, na mtu wa mapokezi anayepaswa kukuhesabu kwenye mfumo. Usipohesabiwa, mfumo unaweza kukuandika hukuja hata kama ulitoka jasho saa nzima. Hakikisha amebonyeza.

DadaNyayo

Hili la ofa ya wageni halijatajwa na ndilo linalookoa hela kuliko yote.

Karibu kila studio ina ofa ya mgeni: wiki mbili au mwezi kwa bei ya chini sana. Masharti ni kwamba hujawahi kuingia studio hiyo. Sasa, studio nyingi zinamhesabu aliyeingia kwa pasi kuwa ameshaingia. Ukitumia pointi 9 kwenda kuonja darasa moja, unaweza kuwa umechoma mwezi mzima wa bei ya mgeni.

Kwa hiyo pangeni hivi. Studio zilizo karibu na njia yako ya kila siku, ambazo unahisi unaweza kuzihamia, zianze na ofa zao wenyewe, moja baada ya nyingine. Pasi itumie kwa zile za mbali, zisizo na ofa, au zenye aina moja tu ya darasa unayoitaka. Na kabla ya kuweka nafasi kwa pasi andikia studio swali moja: "Nikija kwa pasi, bado nitaruhusiwa kununua ofa ya mgeni baadaye?" Jibu lihifadhi.

Kijani7

Dada, na majaribio ya bure ya pasi yenyewe? Nayaanza lini?

DadaNyayo

Siku unayobonyeza kujiunga ndiyo siku ya kwanza, hata usipokwenda popote. Kwanza tengeneza orodha ya studio zako na saa zake, hakikisha wiki hizo huna safari, ndipo ujiunge. Siku hiyo hiyo weka nafasi zote. Na uangalie kama ukifuta usajili mapema pointi zinabaki hadi mwisho wa muda au zinapotea hapo hapo, maana kila kampuni ina utaratibu wake.

Mwalimu wa Alfajiri

Wadau, nizungumzie madarasa yenyewe. Si kila aina ya yoga inakwenda na pasi.

Hatha (ya taratibu, pozi moja moja) na vinyasa (pozi zinazofuatana bila kusimama, kwa mwendo wa pumzi) zinakwenda vizuri, unaingia siku yoyote. Yin pia: unakaa kwenye pozi moja dakika 3 hadi 5, na mgeni hapotezi chochote. Iyengar mara nyingi hufundishwa kwa kozi ya wiki kadhaa, somo juu ya somo, na kuingia katikati ni kupoteza. Tafuta darasa lililoandikwa wazi kuwa la kuingia siku moja. Ashtanga, yenye mfuatano wa pozi usiobadilika, ina sura mbili. Ile ya kuongozwa unaweza kuionja. Ile ya Mysore, iliyopewa jina la mji wa India alikofundisha Pattabhi Jois, mwalimu aliyeieneza Ashtanga, kila mtu anafanya mfuatano wake kwa kumbukumbu na mwalimu anakuongezea pozi kidogo kidogo, siku hadi siku. Kwenda mara moja kwa mwezi hakukupi kitu. Tena shule nyingi za Ashtanga hufunga siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo angalia kalenda.

Yoga ya joto ile ya Bikram ni dakika 90, mazoezi 26 ambayo mawili kati yake ni ya pumzi, katika chumba cha takriban nyuzi 40 za Selsiasi. Usile mlo mzito saa 2 hadi 3 kabla, kunywa maji tangu asubuhi badala ya kubugia chupa nzima mlangoni, na kizunguzungu kikianza, keti. Kukaa chini ndani ya chumba ni bora kuliko kusimama ghafla na kukimbilia nje. Mjamzito, mwenye presha au tatizo la moyo asiionje kabla ya kuzungumza na daktari wake, hata kama pasi imeiweka bei ya chini.

Jambo ninaloliona la hatari zaidi kwenye pasi ni hili. Ukiwa na mwalimu mmoja, yeye anaipanga wiki yako. Ukiwa na studio tano, hakuna anayejua ulifanya nini jana. Madarasa matatu ya vinyasa mfululizo, kila moja lina chaturanga nyingi, ile ya kushuka kutoka pozi la ubao (mwili umenyooka juu ya viganja na vidole vya miguu) viwiko vikiwa vimebana mbavuni. Mtu akichoka mabega yanashuka chini ya viwiko, uzito wote unaangukia mbele ya bega, na maumivu yanakuja siku ya nne. Mabega yasishuke chini ya usawa wa viwiko. Ukishindwa, weka magoti chini, hakuna mwalimu mzuri atakayekukataza. Na baina ya vinyasa mbili weka hatha ya taratibu au yin.

Vilevile kila mwalimu anakuona kwa mara ya kwanza. Mwambie kabla ya darasa, sentensi moja: "Goti la kulia silikunji sana, na naomba nisisukumwe kwa mikono." Mwenye presha kubwa au glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) aseme kwamba hafanyi pozi za kichwa chini.

PumziNdefu

Asante mwalimu. Niulize, vyeti tunavisomaje? Kila ukuta una cheti.

Mwalimu wa Alfajiri

RYT 200 maana yake mtu amesajiliwa na Yoga Alliance baada ya mafunzo ya saa 200. Ni daftari la usajili, haikupi leseni ya serikali. Inakuambia amesoma, haikuambii kama anaangalia watu. Hilo utaliona mwenyewe: je, anazunguka chumbani au anafanya mazoezi yake mbele? Anauliza majeraha kabla ya kuanza? Akitaja pozi ngumu, anataja na nyepesi yake kwa pumzi ileile, au baadaye kama nyongeza? Anaomba ruhusa kabla ya kugusa? Shavasana, ile ya kulala chali kupumzika mwishoni, iwe angalau dakika 5 kwenye darasa la dakika 60. Studio inayoikata hadi dakika 1 ili darasa linalofuata liingie, mimi siipendekezi kwa mtu yeyote.

Mkeka wa Bluu

Na upana kati ya mikeka. Ukilala chali ukanyoosha mikono pembeni, ukagusa mkeka wa jirani pande zote mbili, chumba kimejaa kupita kiasi. Angalia pia kama kuna matofali mawili ya yoga (yale mepesi ya kuegemea) kwa kila mtu au mnagombania.

Mkeka beba wako. Kukodi kila mara kunakula faida ya pasi kimya kimya. Kama kukodi ni sehemu ya kumi ya bei ya darasa, madarasa 10 yamekula darasa zima. Kwa mtu anayezunguka, mkeka wa milimita 3 unakunjika na haulemei. Wa milimita 6 ni mzuri kwa magoti lakini kuubeba kwenye basi ni kazi. Kwenye chumba cha joto tandika taulo juu yake, la sivyo mikono inateleza.

Kijani7

Kwa hiyo studio moja niende mara ngapi kabla ya kuamua?

Mtaratibu

Mara 2, kwa walimu wawili tofauti, aina ileile ya darasa. Ukilinganisha yin ya huku na vinyasa ya kule, hujalinganisha studio. Toka na uandike papo hapo kwenye simu: dakika za safari mlango hadi mlango, watu wangapi, mwalimu nani, mwili ulivyokuwa asubuhi iliyofuata. Dakika za safari zipe uzito. Studio nzuri iliyo mbali dakika 50 huiendi siku ya mvua.

Kumbuka pasi nyingi zina kikomo cha kuingia studio moja, na kikomo kinaanza upya siku ya malipo yako, siyo tarehe 1. Ukishaona kwamba unafikia kikomo hicho kila mzunguko kwenye studio ileile, chukua bei ya kifurushi chao cha madarasa 10, gawa kwa 10, linganisha na unacholipa sasa kwa darasa. Ukihama, sitisha pasi siku kadhaa kabla ya tarehe ya kukatwa, piga picha ya skrini ya uthibitisho, na tumia kwanza pointi zilizobaki, maana kwenye pasi nyingi zinazobebwa kwenda mwezi unaofuata ni chache na zinahitaji usajili uwe hai.