Naomba ushauri: timu tatu zimelingana alama, kikapu wanawake vyuoni

Katibu wa Mashindano:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia mashindano ya mpira wa kikapu ya wanawake kwa vyuo vinane vya mkoa wetu. Tumecheza kwa makundi mawili ya timu nne, na nusu fainali ni kesho saa tisa alasiri. Katika kundi A, chuo cha kwanza kilikifunga cha pili 41 kwa 36, cha pili kikakifunga cha tatu 40 kwa 30, cha tatu kikakifunga cha kwanza 44 kwa 40, na vyote vitatu vikakifunga cha nne. Kila kimoja kina alama 5 (ushindi ni alama 2, kufungwa ni 1). Kanuni zetu zinasema tu kwamba timu mbili bora zitafuzu. Je, nihesabu tofauti ya vikapu kwa mechi zote, au kwa mechi za hao watatu peke yao? Tangu jana sijapata usingizi.

Mwamuzi Mstaafu:
Mdogo wangu, kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinaanza na mechi za waliolingana wao kwa wao. Hapo cha pili kina tofauti ya +5, cha kwanza +1, na cha tatu -6, kwa hiyo wanaofuzu ni cha pili na cha kwanza. Ukihesabu mechi zote, timu iliyokutana na wanyonge siku wamechoka ndiyo inayonufaika, na hilo si haki.

Mama wa Tanga:
Hongereni kwanza kwa kuwapa mabinti mashindano yao. Mnakumbuka mwaka 2021 kule San Antonio, Marekani, kwenye mashindano yao ya kikapu ya vyuo, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Oregon, Sedona Prince, alipoionyesha dunia chumba cha mazoezi cha wanawake, chenye rafu moja ya vyuma vidogo, wakati wanaume walikuwa na ukumbi mzima? Kelele zile zilileta uchunguzi, na mwaka 2022 mashindano ya wanawake yakawa na timu 68 kama ya wanaume. Mimi nilicheza chuoni enzi ambazo FIBA haikuruhusu hijabu katika mechi zake; ruhusa imekuja mwaka 2017, magoti yangu yakiwa yameshachoka. Katibu, hakikisha wasichana hawachezeshwi saa saba za jua ili uwanja ubaki kwa wanaume jioni.

Wakili Mtarajiwa:
Mama, shikamoo, lakini tumwulize katibu jambo moja. Swali lake limejibiwa kwa mstari mmoja, na hesabu peke yake haimnyimi mtu usingizi. Dada, wewe unatoka chuo kipi kati ya hivyo vitatu, na nani amelalamika?

Katibu wa Mashindano:
Ninatoka chuo cha kwanza. Cha tatu wameleta barua leo mchana wakidai kwamba katika mechi yetu na cha pili tulimchezesha mamluki. Msichana huyo alimaliza diploma mwaka jana. Fomu ya usajili niliisaini mimi, na kitambulisho chake nilikishika kwa mkono wangu: plastiki imebanduka kwenye pembe, palepale penye tarehe ya mwisho, na tarehe haisomeki. Aliniambia anarudia somo moja, nikamwamini. Hata hivyo, dhidi ya cha tatu hakucheza, cha pili wenyewe hawajalalamika, na muda wa pingamizi umepita. Ratiba ya nusu fainali nimeshaibandika ubaoni, jina la chuo chetu likiwemo, na sioni sababu ya kuwavuruga wasichana kumi na mmoja wasio na kosa.

Mwalimu wa Michezo:
Hapa sasa tumefika. Mamluki ndiye anayeua kikapu cha vyuo, kwa sababu binti wa mwaka wa kwanza aliyepaswa kupata dakika kumi za kujifunza anakaa benchi. Nimewahi kuiondoa timu yangu mwenyewe kwa kosa kama hilo. Wachezaji hawakunisalimia muhula mzima, na bado ningerudia.

Kijana wa Pwani:
Kwetu kulikuwa na mamluki mmoja aliyewaaga wakuu wa chuo watatu, yeye bado yupo!

Mchunguzi:
Wakuu, mimi naona hadithi hii imetungwa. Makundi mawili ya timu nne ni mechi 12. Katibu, umewahi kusema mlitumia siku ngapi?

Katibu wa Mashindano:
Siku mbili.

Mchunguzi:
Basi ni mechi sita kwa siku. Mechi ya dakika 40 za mchezo, ukiweka mapumziko na saa kusimama, haipungui saa moja na nusu. Uwanja wa chuo usio na taa utamaliza vipi mechi sita?

Katibu wa Mashindano:
Tuliazima uwanja wa pili wa shule ya sekondari jirani, na kwenye makundi tulicheza robo za dakika 8 badala ya 10. Ndiyo maana matokeo ni madogo. Karatasi za matokeo zote 12 ziko mezani kwangu hapa, mbili zina madoa ya mvua ya asubuhi ya kwanza. Sikuja hapa kuwatungia hadithi, kaka.

Mama wa Tanga:
Mwacheni. Mtunzi wa hadithi asingejisema kwamba alisaini mwenyewe.

Mwamuzi Mstaafu:
Turudi kwenye jambo. Kwa FIBA, nahodha wa timu inayopinga husaini karatasi ya matokeo ndani ya dakika 15 baada ya mechi, na sababu za pingamizi huandikwa ndani ya saa moja. Zaidi ya hapo, anayepinga ni timu iliyoumizwa katika mechi hiyo. Kwa kipimo hicho barua ya cha tatu imechelewa, na mechi si yao. Lakini muda huo unaifunga timu inayolalamika. Kwa maoni yangu, haiizuii kamati kukagua usajili iliyoupokea yenyewe. Ikithibitika kwamba si mwanafunzi na mkaamua kuwapa cha pili ushindi wa mezani, huandikwa 20 kwa 0, na aliyepokwa hupata alama 0 badala ya 1 ya kufungwa. Chuo chako kitabaki na alama 3, cha tatu watakuwa na 5 na kufuzu. Yote hayo yaamuliwe na watu wasiotoka katika vyuo hivyo vitatu, na ofisi ya usajili ya chuo iulizwe usiku huu kama binti yumo kwenye orodha ya wanaorudia somo. Msimhukumu kwa plastiki iliyobanduka.

Katibu wa Mashindano:
Nimempigia msajili, amesema atafungua orodha saa moja asubuhi. Ratiba nimeibandua ubaoni. Kamati itakaa saa mbili, ikiongozwa na mjumbe wa kundi B, na binti ameitwa aje na barua yake ya kurudia somo kama anayo. Nikishatoa maelezo yangu nitatoka nje, wataamua bila mimi.

Mwalimu wa Michezo:
Wajulishe na cha tatu usiku huu wasifungashe mizigo.

Katibu wa Mashindano:
Nimeshawajulisha, mwalimu. Wako hosteli, wanasubiri.